Kisangani: Upasuaji unategemea chupa ndogo ya ketamini

Jimboni Tshopo, hospitali ikipata jengo jipya au mashine, viongozi huja kukata utepe. Dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya kisu huzungumziwa pale tu inapokosekana.

Kisangani inaihitaji kila siku: akina mama wa kupasuliwa ili kujifungua, watu walioanguka na pikipiki, watoto wenye utumbo uliotoboka kwa homa ya tumbo. Tangu Februari 2023 wameongezeka majeruhi wa mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola. Kutoka Lubunga, mtu aliyekatwa panga lazima avushwe mto Congo kabla ya kufika hospitali kubwa za Makiso.

Hapo ndipo ketamini inapookoa. Dawa hii, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, iko tangu 1985 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Inaondoa maumivu na kumlaza mgonjwa kwa pamoja, na kwa kawaida haimkatizi pumzi wala haishushi presha kwa aliyepoteza damu nyingi. Haihitaji frigo. Inaweza kutolewa kwa sindano ya msuli kama mshipa haupatikani.

Nyingine zina masharti. Suksametoni, inayolegeza misuli ili mrija wa kupumulia uingie kooni, inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mji huu unapata umeme kutoka bwawa la Tshopo lililojengwa miaka ya 1950, na kila mkazi anajua umeme huo ulivyo. Gesi za anestezi zinataka mashine na oksijeni. Mashine nyingi za kutengeneza oksijeni nazo zinataka umeme. Sindano ya mgongoni inafaa kwa mama anayepasuliwa, lakini kwa mwenye kutoka damu nyingi inaweza kuangusha presha.

Kwa hiyo wanaosema ketamini ni dawa ya maskini wanakosea. Hata hospitali tajiri za Ulaya huitumia kwa majeruhi mahututi. Tofauti ni kwamba wao wanachagua.

Ina hatari zake pia. Ikiingizwa haraka, pumzi inaweza kusimama. Mate huongezeka, na wengine huamka wakipiga kelele kwa ndoto mbaya. Lazima mtu aliyefunzwa akae kichwani pa mgonjwa. Shirikisho la dunia la waganga wa anestezi linapendekeza angalau waganga 5 wa fani hiyo kwa kila wakaaji 100.000. Congo haijafikia hata 1, na kazi kubwa hufanywa na wauguzi.

Halafu kuna safari. Kutoka Kinshasa kwa mto ni kama kilomita 1.700, majuma kadhaa juani kwenye boti. Ndege ni haraka lakini ghali. Kuna CAMEKIS, ghala la dawa muhimu mjini, ila stoki ikikatika hospitalini, familia hupewa karatasi ikatafute dawa mjini usiku, huku mgonjwa yuko mezani. Ahadi ya kujifungua bure, iliyozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, inavunjikia hapo hapo kama chupa haipo.

Tishio jingine lilitoka mbali. Mwaka 2015 China iliomba Umoja wa Mataifa, mjini Vienna, uiweke ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu vijana huitumia kama dawa ya kulevya. OMS ilipinga na uamuzi ukaahirishwa. Hofu ya waganga ilikuwa na mfano: mofini, inayodhibitiwa hivyo kwa miaka mingi, ni bei ndogo kuitengeneza, lakini vibali na karatasi za kuiagiza vimefanya iwe adimu katika nchi nyingi za Afrika. Mwenye saratani anaumia bila mofini. Aliyevushwa kutoka Lubunga usiku, bila ketamini, angepasuliwa akishikwa mikono na miguu, au asipasuliwe kabisa.