Stempu ya Udugu na Mpaka Uliofungwa
Mwanzoni mwa mwaka 1976 barua iliyotumwa kutoka Musoma, Bunda au Butiama ilibandikwa stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ulikuwa ushuhuda mzuri wa udugu. Hata hivyo, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Huko Sirari, Wakuria wa ukoo mmoja walitenganishwa na amri iliyotolewa mbali nao.

Stempu hutangaza urafiki. Haki ndiyo huudumisha. Serikali zinapotoa stempu za kusifu ujirani mwema, tuziulize: je, mama muuza samaki huvuka mpaka bila kudhulumiwa? Hapo ndipo urafiki wa mataifa unapopimwa.