NANI KASEMA KISWAHILI HAKIJUI KUZAMIA?

Wapo miongoni mwetu sisi walimu wa bara, na wala si wachache, wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kambini, na kwamba yakija mambo ya ufundi hakina budi kupisha njia. Kwa miaka mingi tumewajibu kwa hoja za vitabuni. Safari hii twawajibu kwa maji ya chumvi. Baadhi yetu, walimu kutoka Uganda, tulikaa siku sita kisiwani Mafia katika nyumba ya wageni wazamiaji, iliyo mali ya mtu na mkewe waliohamia kutoka ng'ambo, na huko tuliyasikia madai yayo hayo katika kinywa kingine.

Nyumba hiyo hatutaitaja jina. Ukarimu wake haukuwa na ila: vitanda safi, samaki wa asubuhi ile ile, na bibi mwenye nyumba hakuacha kutuuliza kama tumeshiba. Lakini tangu tulipopokewa kwa "jambo" lile la watalii (sisi wenye mvi, tuliozoea shikamoo!) hadi somo la kuzamia, kila neno lenye uzito lilisemwa kwa Kiingereza. Tulipoomba kufundishwa kwa Kiswahili tulijibiwa kwa upole kwamba lugha hiyo haina maneno ya kazi hii.

Basi na tuyatazame maneno ya kazi hiyo. Mzamiaji sharti ajue kwamba akishuka mita 10 baharini, kanieneo huwa mara mbili ya ile ya juu ya maji. Akivuta hewa ya mtungi akiwa huko chini, kisha akapanda hali amezuia pumzi, hewa ile hutanuka na yaweza kupasua mapafu. Kwa hiyo amri ya kwanza ni hii: usizuie pumzi. Ya pili: panda polepole. Ya tatu: ukifika mita 5 tua hapo kwa dakika 3, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kupungua. Twakuuliza, ndugu msomaji, ni lipi hapo ambalo hukulielewa? Mambo haya ni ya kufa na kupona, nayo hufaa yasemwe katika lugha ambayo msikilizaji anaifikiria pasipo kutafsiri.

Ushahidi mkubwa zaidi tuliupata chomboni. Mwalimu wetu alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba ile, kijana aliyekulia kisiwani. Siku ya tatu injini ilizimika karibu na mlango wa Ghuba ya Chole, maji yakiwa ya bamvua na mkondo ukitoka nje kama mto. Kijana yule aliyetuambia jana yake kuwa Kiswahili hakitoshi, alipaza sauti: nanga itiwe, kamba ilegezwe, mtu ashike usukani, chombo kisipigwe mwambani. Neno hata moja halikumpungukia. Kumbe lugha hutosha wakati wa hatari, na hupungukiwa wakati wa kutoa cheti!

Nahodha na mabaharia wake, watu wa Utende na Jibondo, wana hazina ambayo hakuna aliyewauliza. Wanajua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na miezi ambayo kutoka nje ya ghuba ni kujitafutia balaa. Kina hukipima kwa pima. Palipoandikwa majina ya kigeni katika kibao cha wageni, wao walitutajia pono, kangaja, chewa, mkunga, bunju, taa na ng'amba. Yule papa mkubwa kuliko samaki wote Kiswahili humwita papa shilingi, kwa madoa yake yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Mmoja wao, aliyeijua ghuba tangu utotoni, alitamani kuwaongoza wazamiaji. Mtihani ni wa Kiingereza. Basi anabeba mitungi.

Hili ni suala la riziki. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake Tanzania, ikiwa na kilomita za mraba 822. Mvuvi aliyeambiwa aweke juya lake kando ana haki ya kupata sehemu katika kazi mpya iliyoletwa na bahari ile ile. Lugha isiwe komeo la pili mlangoni.

Tutaambiwa kuwa wageni wengi hutoka Ulaya. Ni kweli, na hakuna aliyesema wafundishwe kwa Kiswahili. Tunamsemea kijana wa Utende. Tena hakuna lugha iliyozaliwa na mtungi mgongoni: vifaa hivi Cousteau na Gagnan waliviunda Ufaransa mwaka 1943, na Kiingereza nacho kilikaa kikatafuta maneno.

Lakini kasumba hiyo tunayo na sisi. Vitabu vyetu vya shule humfundisha mtoto wa Kampala kwamba bahari ni maji mengi, basi. Na mzamiaji amjuaye ni yule apandaye meli kwa siri, au aingiaye harusini bila mwaliko. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022. Je, tutafundisha Kiswahili kisicho na pwani? Tunataka chama kimwalike nahodha katika semina ijayo, alipwe posho kama mhadhiri yeyote, na tunataka maneno ya bahari yaingie katika mitihani yetu. Orodha tuliyoianza huko Mafia iko tayari kupigwa chapa, ila kwanza tutampelekea nahodha aikague, kusi likiisha.