Ubunifu wa wote nao unahitaji daftari

Ni nadra kupata mtaa wa Nairobi ambao haujawahi kupikia jiko la bati na udongo, lile lenye kiuno chembamba ambalo mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo hulifua kwa nyundo mchana kutwa. Ni nadra zaidi kumpata mtu aliyewahi kujiuliza jiko hilo ni mali ya nani. Kisheria si mali ya mtu yeyote. Hakuna aliyelichukulia hataza, na naamini hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa zilizolifanya lienee upesi namna ile.

Historia yake yafaa kukumbushwa, hasa kwa wanafunzi ambao wamelikuta jikoni tayari. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya kongamano kuhusu nishati mpya hapa Nairobi, na katika miaka iliyofuata wabunifu kadhaa, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, wakashughulikia swali la makaa na misitu iliyokuwa ikiteketea. Walichukua wazo la jiko la ndoo lililotumika Thailand, wakalioanisha na jiko la bati la hapa kwetu, kisha wakalipeleka kwa mafundi wa jua kali. Mafundi wakalipinda wakalipindua; akina mama wakalipikia na kulikosoa; likarudi kiwandani likatengenezwa upya. Aliyekuwa na bati na nyundo hakuhitaji ruhusa ya mtu, na kadiri waigaji walivyoongezeka ndivyo bei ilivyoshuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeingia katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini humu nchini. Lilivuka pia mipaka, likafika hadi Ethiopia, ambako mfano wake huitwa Lakech. Makaa linayookoa hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na jiko hilo lilivunjwa chawa na vidole vingi. Ajabu ni kwamba katika vyuo vyetu siku hizi, mwanafunzi akiunda kifaa cha kukaushia mboga kwa jua au pampu ya kunyunyizia shamba, swali la kwanza analoulizwa ni kama ameombea hataza. Sina ugomvi na hataza. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 humpa mwenye nayo miaka 20 ya kuwazuia wengine, na kwa uvumbuzi fulani hilo ni jambo la haki. Lakini hataza ya Kenya peke yake haina nguvu Kampala wala Mwanza, hulipiwa ada mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe ndiye anayepaswa kumshtaki anayeivunja. Kwa kifaa ambacho kitauzwa kwa mkulima wa ekari moja, gharama ya kukilinda yaweza kuyapita mapato yake yote.

Njia ya pili ni ile ya jiko, ila sasa imepanda juu ya intaneti. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, yenye uwezo wa kujichapia sehemu zake nyingi yenyewe. Michoro yake ilitolewa bure, na watu wa nchi mbalimbali wakairekebisha pasipo kuonana uso kwa uso. Faida yake kwa mazingira yaeleweka: kipuri kidogo kikivunjika, huchapwa kingine badala ya mashine nzima kutupwa. Mwaka 2006 ikazaliwa Appropedia, ambayo hukusanya maelezo ya majiko, matangi ya maji ya mvua, mitambo ya jua na mengineyo, ili kila asomaye aweze kuyajenga na kuyasahihisha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la sheria. Wanadhani kitu kilichofunguliwa ni kitu kilichotupwa. Neno letu hakimiliki limeunganisha haki na kumiliki, nasi tukilisikia hufikiria ukuta na kufuli. Kumbe mwenye haki ya kufunga ndiye pia mwenye haki ya kufungua, na anaweza kufungua kwa masharti. Richard Stallman alilitambua hilo katika programu za kompyuta: leseni yake ya mwaka 1989 humruhusu yeyote kutumia, kubadili na kugawa, mradi akigawa alichobadili naye akiache wazi vilevile. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwanza mwaka 2002, zilipeleka wazo kama hilo katika maandishi na picha.

Ni lazima niongeze jambo moja ambalo wanafunzi wa ubunifu huelekea kulisahau. Hakimiliki hulinda mchoro na maelezo. Hailindi utendaji wa kifaa chenyewe. Anayekuwekea mchoro wa jiko chini ya leseni huru hajakuzuia wala kukuruhusu kufua bati. Kinachomzuia mjanja asije kesho akadai hataza ya jiko hilohilo ni ushahidi kwamba lilikwisha kutangazwa hadharani, kwa maana hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Kwa hiyo tarehe na maelezo kamili vina uzito kuliko leseni.

Ama kuhusu uzito wa maandishi, tuutazame mti ambao kila Mpwani anaujua. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuhusu njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wakulima wa India walikuwa wakiutumia mti huo tangu kale. Hataza ilifutwa mwaka 2000, rufani ikakataliwa mwaka 2005: miaka 11 ya kubishania jambo ambalo bibi zetu hawangeona la kubishania. India ilijifunza. Mwaka 2001 ilianza kukusanya maarifa yake ya tiba katika hazina moja ya kompyuta, yakatafsiriwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani ili wakaguzi wa hataza wayasome. Tazama basi kazi ya mfasiri ilivyogeuka kuwa ulinzi wa mali ya taifa! (Wale wanaouliza shahada ya isimu ina manufaa gani, wajibiwe na India.)

Sisi tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na Katiba ya 2010 nayo inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi. Daftari ndilo halijaandikwa, na wahenga walikwisha kutuonya kuhusu mali isiyo na daftari. Sehemu kubwa ya yaliyofunguliwa kwenye mtandao imeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi. Fundi wa Kamukunji, ambaye anajua kwa kidole kama udongo umekauka vya kutosha kuingia tanuri, hawezi kusahihisha maelezo ambayo hayasomi, na anachokijua yeye hakimfikii mwanafunzi wa Eldoret. Huo ni uwazi wa mlango mmoja. Matokeo yake tunayaona sokoni: majiko mengine huuzwa udongo wake ukiwa haukuiva, na hupasuka mapema, kwa sababu umbo lilienea bila maelezo. Mafundi wangeweza kuacha muundo wazi huku wakisajili alama yao ya pamoja ya ubora, jambo ambalo sheria yetu ya alama za biashara inaliruhusu.

Najua mwanafunzi ataniuliza, ‘Nikigawa, nitakula nini?’ Swali ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Mwaka 2012 kampuni ya MakerBot ya New York, iliyokulia katika jamii ileile ya RepRap, ilitoa mashine ambayo michoro yake haikufunguliwa tena, na waliochangia wakalalamika kwamba wamepandia wengine. Mwenye wazo jipya kabisa, lenye soko kubwa, na atafute wakili kabla hajalionyesha kwa mtu. Lakini fundi wa jiko hajawahi kula kwa wazo. Hula kwa mkono wake, kwa jina lake mtaani, na kwa mteja anayerudi.

Walimu wa Kiswahili hutafuta mada za insha za maelezo kila muhula. Wawape wanafunzi jiko: jinsi udongo unavyochanganywa, unavyoumbwa, unavyochomwa, na jinsi bati linavyokatwa kiunoni. Juu waandike tarehe na jina la fundi aliyewafundisha, akikubali. Chini waandike leseni. Wa kuisahihisha insha hiyo hayumo katika chumba cha walimu. Yuko Shauri Moyo, na wateja wake huwa wengi kuanzia saa nne, kwa hiyo wawahi asubuhi.