Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege: mpimeni rubani wa helikopta Kiswahili pia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya (KCAA),
Nairobi.

Mkurugenzi Mkuu,

Naingia katika ombi moja kwa moja. Kila rubani anayelipwa kuendesha helikopta nchini na kutua nje ya viwanja vya ndege apimwe Kiswahili cha kazi hiyo kabla hajaanza kubeba watu. Leo leseni yake inathibitisha kwamba anaweza kusemezana na mnara kwa Kiingereza. Kuhusu wale ambao atatua katikati yao, leseni haisemi neno.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Shule niliyoiongoza iko upande wa Mto Tana, na uwanja wake wa mpira ndio mahali pekee palipo tambarare na pakavu mto unapofurika. Chopa zimetua pale zikileta unga, dawa, wanasiasa na waandishi wa habari. Kwa hiyo ninachokieleza nimekiona kwa karibu, ingawa sijawahi kushika usukani wa chombo chochote kinachoruka.

Sina ugomvi na Kiingereza cha angani. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia ilianguka karibu na New York baada ya kuishiwa mafuta, na watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakutangaza dharura, na hilo ndilo lingewapa nafasi ya kutua mbele ya wengine. Novemba 1996 ndege mbili, moja ya Saudia na nyingine ya Kazakhstan, ziligongana hewani karibu na Delhi. Walikufa wote 349. Udhaifu wa Kiingereza cha marubani wa Kazakhstan ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha kipimo cha ngazi sita ambacho wewe na maofisa wako mnakijua kuliko mimi: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, kuelewa na kujibizana. Asiyefika ngazi ya 4 harushi ndege ya kimataifa. Marubani wa helikopta wametajwa waziwazi katika sharti hilo pamoja na wenzao wa ndege za mabawa.

Ni kipimo kizuri, ila kimetungwa kwa kuifikiria ndege iendayo kutoka uwanja hadi uwanja. Rubani anayeondoka Jomo Kenyatta na kutua Moi, Mombasa, anakuta uzio, askari, zimamoto na wafanyakazi waliofundishwa mahali pa kusimama. Asipojua neno la Kiswahili, hakuna atakayeumia. Helikopta hutafutwa kwa sababu haihitaji vitu hivyo. Inatua penye chifu na wazee wawili, au penye watoto mia tano waliotoka madarasani mbio kabla mwalimu hajafika mlangoni.

Nitajieleza kidogo hapa, kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi ambao hawajasimama karibu na chombo hiki. Rafadha ndogo ya mkiani huzunguka kwa kasi hata jicho halioni kitu ila hewa tupu, na katika helikopta nyingi ndogo iko usawa wa kifua au kichwa cha mtu mzima. Anayekuja kwa nyuma haonekani na rubani. Chombo kikitua kwenye mteremko, anayekiendea kutoka upande wa juu anakutana na mapanga makuu yakiwa karibu zaidi na kichwa chake kuliko anayetoka upande wa chini. Injini ikizimwa mapanga hayasimami papo hapo. Yanapopunguza kasi hulegea, na upepo ukiyapiga hushuka chini ya yalipokuwa. Wanakijiji hudhani hatari imekwisha pale kelele zinapopungua, na ndipo wanaposogea. Mambo haya yote huelezwa kwa sentensi chache zinazoeleweka. Njoo kwa mbele ambako rubani anakuona. Inama. Shika kofia na leso. Ngoja uitwe.

Najua jibu litakalotoka haraka kwa watu wa fani: injini ikinguruma hakuna anayemsikia mwingine, sasa lugha ya nini? Ni kweli, na ndiyo sababu ishara za mikono zipo. Lakini safari ya helikopta huanza kwenye simu. Rubani, au mtu wake, humpigia aliye chini na kuuliza kuhusu mahali pa kutua. Je, milingoti ya magoli imeng'olewa? Kuna mabati yaliyolegea kwenye choo cha jirani? Mahema ya mkutano yamefungwa vizuri, au upepo wa mapanga utayarusha juu ya akina mama? Ng'ombe wako wapi? Moshi wa jikoni unaelekea upande gani? Na swali kubwa kuliko yote: nyaya za umeme zinapita wapi? Kutoka juu, waya hauonekani. Rubani huutambua kwa kutafuta nguzo, na nguzo zikifichwa na miembe amekwisha. Mzee anayeishi pale anajua kwamba laini mpya ilivutwa kuvuka uwanja mwaka jana. Anajua na upande wenye udongo laini unaomeza miguu ya chombo. Elimu hiyo iko kwa Kiswahili. Nimemwona mzee akiieleza kwa makini kwa mtu aliyekuwa akitabasamu na kutikisa kichwa tu, kisha akapanda chopa yake na kupaa kuelekea kule kule alikoonywa. Siku hiyo Mungu alikuwa upande wetu.

Halafu kuna watu wanaopanda. Mwinuko wa Eldoret unazidi mita 2,000, hewa ni nyepesi, na jua la saa nane mchana huifanya nyepesi zaidi. Helikopta iliyobeba watu watano asubuhi kutoka pwani huenda isiweze kubeba watano hao hao mchana kutoka bonde lililozungukwa na milima. Rubani anapaswa kusema wawili wabaki. Kumwambia hivyo mheshimiwa aliyezungukwa na walinzi, wapambe na shemeji yake anayetaka lifti si kazi ya ishara za mikono. Inahitaji lugha yenye adabu na msimamo kwa pamoja, na rubani asiye nayo humwachia mpambe atafsiri. Mpambe naye hutafsiri anavyopenda mwenyewe.

Mwezi Mei 2016 nchi nzima iliona kwa video jinsi mtu mmoja mjini Bungoma alivyojishikilia kwenye mguu wa helikopta iliyokuwa imeleta maiti kwa mazishi, akapaa nayo akining'inia juu ya nyumba. Alinusurika. Sisemi kwamba Kiswahili kingemzuia. Nilichokiona mimi katika picha zile ni umati uliokaribia chombo kinachojiandaa kuruka pasipo mtu mmoja mwenye mamlaka na sauti ya kuupanga. Katika sheria za anga, mwenye mamlaka juu ya chombo ni rubani. Sauti ndiyo ninayoiombea.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tumekuwa nchi ya lugha mbili kwa maandishi. Ofisi nyingi za umma hulisoma hilo kama ruhusa ya kuendelea na moja.

Wapo wenzetu waliolipitia suala hili kwa machozi. Nchini Kanada, ambako Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha rasmi tangu 1969, waongoza ndege wa Quebec walikuwa wakitakiwa kutumia Kiingereza hata mwongozaji na rubani wote wawili walipokuwa Wafaransa kwa lugha. Serikali ilipoanza kuruhusu Kifaransa, marubani wengi wa upande wa Kiingereza walipinga. Juni 1976, majuma machache kabla ya Olimpiki ya Montreal, waligoma na usafiri wa ndege ukakwama nchini. Serikali ikalegeza msimamo, na waziri Jean Marchand akajiuzulu kwa kutoridhika na maafikiano hayo. Kilichonivutia ni kilichofuata. Waliunda tume ya majaji watatu, wakafanya majaribio ya kuigiza hali za angani, wakasikiliza pande zote, na mwaka 1979 tume ikasema kwa kauli moja kwamba lugha mbili zinaweza kutumika bila kuhatarisha usalama. Leo kanuni za anga za Kanada zinazitaja Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha za mawasiliano ya redio, na rubani huko hupimwa kwa mojawapo au zote mbili. Rubani wa helikopta anayesaka kazi katika misitu ya kaskazini mwa Quebec anaelewa mwenyewe, bila kuhubiriwa, kwamba Kifaransa ni sehemu ya zana zake.

Sikuombi tuige hilo kwenye redio. Tarehe 25 Mei 2000, usiku, katika uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris, mwongozaji aliipa ndege ya Air Liberté ruhusa ya kuruka kwa Kifaransa, na ndege ndogo ya mizigo ya Uingereza iliyokuwa ikisubiri ikaambiwa kwa Kiingereza iingie barabara ile ile. Waingereza hawakuielewa ruhusa ile ya kwanza, hivyo hawakujua kuna ndege inawajia. Bawa likaikata sehemu ya mbele ya ndege yao na rubani msaidizi akafa. Makosa yalikuwa zaidi ya moja, lakini wachunguzi wa Ufaransa waliitaja lugha kuwa mojawapo. Uwanja wa ndege wa Wilson, kwa wingi wa ndege zake na mchanganyiko wa marubani wake, si mahali pa kujaribia. Angani tubaki na Kiingereza. Hata hivyo isisemwe kwamba sheria ya kimataifa imetufunga mikono: kanuni ya ICAO inaruhusu mawasiliano kwa lugha ya kawaida ya kituo cha chini au kwa Kiingereza. Tumechagua Kiingereza wenyewe, na nadhani tumechagua vizuri. Chini kwenye nyasi hatujachagua chochote.

Utauliza habari za Turkana, Mandera na Marsabit, ambako bibi kizee anayesubiri chopa ya dawa huenda hajui Kiswahili. Ni swali la haki. Lakini katika boma lolote lile kuna mwalimu, muuguzi wa zahanati, askari wa akiba au kijana aliyefanya kazi Isiolo anayekijua. Anayeweza kutafsiri kutoka Kiingereza ni adimu zaidi, na anayeweza kufanya hivyo kwa haraka, mbele ya mgonjwa anayevuja damu, ni adimu mno. Kiswahili hakifiki kwa kila mtu, ila karibu kila mtu ana wa kumfikishia.

Wageni je? Marubani wa kigeni wanakuja kwa kazi za misaada, utalii na uhifadhi wa wanyama, na wengi ni mahodari. Kampuni zitalalamika kwamba sharti jipya litawafukuza. Sidhani. Mtu aliyejifunza kurusha mashine isiyoweza kutulia hewani yenyewe bila kushikwa kila sekunde hatashindwa na sentensi hamsini za Kiswahili. Apewe miezi mitatu tangu leseni yake itambuliwe hapa, na katika muda huo aruke na msaidizi wa chini anayejua lugha. Wakenya wenyewe nao wapimwe. Kijana aliyesoma shule za kimataifa Nairobi na kujifunza urubani Afrika Kusini anaweza kuwa na Kiswahili kibovu kuliko cha Mjerumani aliyekaa Nanyuki miaka kumi.

Kipimo chenyewe kisiwe insha wala methali. Nimesahihisha insha za kutosha maishani. Kiwe cha mdomo, dakika kumi na tano. Mtahiniwa ampigie simu mtu aliye "uwanjani" na kumhoji kuhusu nyaya, upepo, umati na mahali pa kutua, kisha arudie alichoambiwa ili ijulikane kama amekielewa. Awape abiria wasiowahi kupanda maelezo ya mikanda, milango na njia ya kushukia. Amkatalie mtu mzito kwa heshima. Mwisho, asikilize maelezo ya muuguzi kuhusu majeruhi na kuamua kama anaweza kumbeba akiwa amelala. Chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi kinaweza kuandaa mtihani huo kwa kushirikiana na walimu wa Kiswahili, ambao hatukosekani. Anayefaulu, leseni yake iandikwe hivyo. Asiyefaulu aendelee kuruka uwanja hadi uwanja.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi chopa zinavyotapakaa miezi ile, zikitua mara sita kwa siku katika viwanja vya shule, na marubani wakiazimwa kutoka kila pembe. Kanuni mpya huchukua muda, kwa hiyo naomba rasimu itolewe mapema kwa maoni ya umma. Naomba pia itolewe kwa lugha zote mbili rasmi, na vikao visiishie Nairobi. Njooni Garsen. Uwanja wetu upo, na nitawaonyesha wenyewe nyaya zinapopita.

Wako katika kazi ya umma,
Mwalimu mkuu mstaafu,
Garsen, Kaunti ya Tana River.