Kilomita Chache Si Cheti cha Uzima

"Hii gari ya mama mmoja, kazini na nyumbani basi. Kilomita elfu thelathini na nane tu, bosi." Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, au mpigie dalali yeyote, wimbo ni huohuo. Anayetafuta Vitz au Fit ya kupelekea watoto shule akishasikia hivyo, moyo unatulia na maswali yanakwisha. Hapo ndipo anapopigwa. Imani kwamba gari lenye kilomita chache ni gari zima imewatia Watanzania wengi hasara, na ni wakati tuizike.

Mita ya kwenye dashibodi inahesabu mwendo, basi. Haihesabu saa ambazo injini imenguruma huku gari limesimama kwenye foleni ya Mbagala au Ubungo na kiyoyozi kinavuta. Tupige hesabu. Gari la mjini likienda wastani wa kilomita 15 kwa saa, hizo kilomita 38,000 ni zaidi ya saa 2,500 za injini. Gari la mtu wa Dar na Dodoma likienda wastani wa kilomita 60 kwa saa, hadi kufikisha kilomita 110,000 injini yake imefanya kazi saa zisizofika 1,850. Lipi limechoka?

Tena hiyo "kazini na nyumbani" inayotajwa kama sifa ndiyo inayoila injini taratibu. Safari ya dakika kumi haiipi oili moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayopenya ndani yake, kwa hiyo inaharibika kabla ya kilomita zake kutimia. Mwenye gari naye hana habari. Kibandiko cha fundi kimemwambia arudi baada ya kilomita 5,000, naye anazifikisha baada ya mwaka na zaidi. Kuna vitu havisubiri kilomita kabisa: matairi hukakamaa, raba hupasuka, betri hufa na mafuta ya breki hunyonya unyevu, gari liwe linatembea au limelala chini ya mwembe.

Wanaodhani upya peke yake ni dhamana wakumbuke Honda Fit ya kizazi cha tatu. Iliingia sokoni Japani Septemba 2013, na toleo la haibridi lilikuja na gia boksi yenye klachi mbili. Kufikia Oktoba 2014, Honda ilikuwa imeyaita magari hayo yarudi kufanyiwa marekebisho mara tano, na wakubwa wa kampuni, rais wake Takanobu Ito akiwemo, wakakatwa mishahara. Magari yale yalikuwa mapya kabisa, ya kampuni yenye jina. Leo Fit ya mwaka ule iliyokwisha kurekebishwa ikafika kilomita 90,000 ina nafuu kuliko iliyokwepa marekebisho ikabaki na 20,000. Tofauti hiyo huioni kwenye mita. Unaipata kwa kuchukua namba ya chasisi na kuitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji, kazi ambayo dalali hatakufanyia.

Hapo bado tunajifanya namba yenyewe ni ya kweli. Mita ya kidijitali inarudishwa nyuma kwa kompyuta kabla chai haijapoa. Kwa gari lililotoka Japani, ushahidi upo: kule gari la familia hupita ukaguzi wa lazima likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Karatasi ya mnada nayo huonyesha kilomita na majeraha ya bodi. Muuzaji anayesema karatasi zimepotea bandarini amekwisha kukujibu.

Gari lenyewe nalo husema, ukilitazama vizuri. Angalia raba ya pedali ya breki: ikiwa imelika hadi laini na mita inasoma 30,000, mmoja wao anadanganya. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Tope lililokauka huko linaeleza mafuriko ambayo sabuni ya yadi haikuyafikia. Na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, maana gari bovu hupenda kupashwa moto kwanza.

Sisemi kilomita hazina maana yoyote. Ukipewa magari mawili yaliyotunzwa sawasawa, chukua lililotembea kidogo. Lakini huo usawa wa matunzo ndio usioulizwa, na ndio unaoamua kama utalala nyumbani au gereji. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo bei ifuate karatasi. Gari lenye risiti za servisi na kumbukumbu ya oili ya gia kubadilishwa lilipiwe vizuri, hata kama limepita kilomita laki moja. Lenye kilomita chache na maneno matupu lilipiwe kama gari lisilojulikana lilikotoka, kwa kuwa ndivyo lilivyo. Madalali wanauza namba kwa sababu tunainunua. Tukianza kununua matunzo, wataanza kutunza risiti.