Kejeli Ijibiwe kwa Kejeli, Si kwa Kitanzi

Kiangazi cha mwaka 1589, mkokoteni uliobeba vifaa vya kuchapia ulisimama Warrington, kaskazini mwa Uingereza. Mizigo ikishushwa, herufi kadhaa zikamwagika chini mbele ya watu. Vitu gani hivi? Mchapaji John Hodgkins akawaambia ni risasi za bunduki.

Sishangai kwamba jibu hilo lilimjia upesi. Mimi nilianza kazi ya magazeti katika chumba cha kupanga herufi kwa mkono. Zilikuwa za madini ya risasi: ndogo, nzito, zikiacha weusi vidoleni usiotoka kwa sabuni.

Hodgkins alikuwa njiani kuchapa vijitabu vya Martin Marprelate, jina bandia la mtu aliyekuwa akiwakejeli maaskofu wa Kanisa la Uingereza tangu Oktoba 1588. Marprelate hakuandika kwa lugha ya mimbari. Alimtaja waziwazi Askofu wa London, John Aylmer: anacheza matufe Jumapili, amekata miti ya makao yake ya Fulham. Watu walisoma kwa kificho, wakacheka. Kwa kuwa amri ya mwaka 1586 iliuweka uchapaji chini ya macho ya maaskofu, mtambo ulihamishwa nyumba hadi nyumba.

Upande wa maaskofu nao ukatafuta waandishi wake. Majibu yao yalijaa silaha tangu jalada: kijitabu kimoja kiliitwa mjeledi wa nyani, kingine, cha John Lyly, uji unaolishwa kwa shoka. Kwa hilo sina ugomvi nao hata kidogo. Hayo ni majibizano, kama ya malenga wetu. Anayezidiwa hupata aibu, hapati jeraha.

Ubaya ni kwamba dola haikutosheka na majibizano. Karibu na Manchester, watu wa Earl wa Derby waliuvamia mtambo na kumkamata Hodgkins pamoja na wasaidizi wake wawili. John Penry, mmoja wa waliousimamia uchapaji ule, alinyongwa tarehe 29 Mei 1593, akaacha mjane na mabinti wanne wadogo. Shtaka lilikuwa uchochezi, na ushahidi ulitolewa kwenye karatasi zake binafsi, ambazo hakuwahi kuzichapisha. Marprelate hakumtoa askofu yeyote hata tone la damu.

Anayewaambia watu wakamuue jirani yao ni mhalifu, na zipo sheria za kumshughulikia. Lakini kumcheka mkubwa si kumshambulia, na serikali isiyojua tofauti hiyo itamfunga mwandishi kwa sentensi moja.

Kosa la uchochezi lilitufikia Afrika Mashariki pamoja na sheria za Waingereza. Kenya ililiondoa mwaka 1997. Mahakama ya Katiba ya Uganda ikalibatilisha mwaka 2010. Popote ambapo bado limo katika vitabu vya sheria, wabunge walitoe.