Panya wa darini na mti wa mvule

Kila nipitapo Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, huwa natazama vitu viwili: milango ya nakshi na panya. Miongoni mwa milango hiyo imo iliyochongwa kwa mvule. Panya naye hahitaji kutafutwa. Jua likishatua, hujileta mwenyewe.

Mwanafunzi wetu akiulizwa mtihanini, atawaainisha wote wawili bila kusita. Panya wa darini, Rattus rattus, ni mnyama mgugunaji aliyetoka Bara Hindi, akaenezwa duniani na vyombo vya baharini. Mvule, Milicia excelsa, ambao vitabu vya zamani viliuita Chlorophora excelsa, ni wa jamaa moja na mfenesi na mtini. Kisha, katika sura nyingine kabisa, atakariri kwamba panya huyo hana hofu ya kutoweka, ilhali mvule uliwekwa na Orodha Nyekundu ya kimataifa, mwaka 1998, katika daraja la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Alama atazipata zote. Lakini sababu je?

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyosomesha. Tumeutenga uainishaji na uhifadhi, na hali maumbile ya kiumbe ndiyo yaamuayo mengi kuhusu usalama wake. Panya hubeba mimba kwa takriban wiki tatu, na watoto wake huweza kuzaa baada ya miezi michache. Maghala, dari na majaa yetu ni himaya yake. Mvule, kinyume chake, una mti dume na mti jike. Akikatwa dume wa pekee kijijini, jike aweza kusimama miaka na mikaka pasipo mbegu. Hata mbegu zikipatikana, msambazaji wake mkubwa ni popo, huyo huyo tumfukuzaye kwa mawe. Na ukiipanda miche kwa safu kama mahindi, huja mdudu aivimbishaye machipukizi hata yakaoza. Seremala naye hungoja miongo kadhaa ndipo apate ubao.

Wapo wanaodhani kwamba kipendwacho ndicho kidumucho. Panya tumemtegea mitego na sumu tangu enzi za mababu, naye yupo. Mvule twausifu, na kwa sifa hizo hizo twaukata.

Ombi langu kwa walimu wa hapa Kisiwani ni dogo. Mfikapo sura ya uainishaji, wapelekeni wanafunzi Ndia Kuu, wauguse mlango mmoja wa mvule, kisha waulizeni: mti huu ulikuwa dume au jike, na mwenziwe alisimama wapi?